Mtumbwi Uliokuwa Paa la Mbuzi

Fideli alikuwa seremala mwenye karakana karibu na stendi ya Ngara mjini. Aliposikia kwamba kule bondeni, ukingoni mwa Ruvubu, kuna mama mjane anayetaka kubadilisha gogo kuukuu kwa mlango na fremu za madirisha, hakujishauri sana. Mbao kavu za zamani siku hizi ni za kutafutwa kwa tochi. Alifunga msumeno nyuma ya bodaboda, akateremka.

Mjane mwenyewe, Selestina, alikuwa mtu mzima sana. Fideli alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akamzungusha nyuma ya nyumba, kwenye banda la mbuzi. Fideli akainua macho kutazama paa la banda.

Halikuwa gogo. Ulikuwa mtumbwi uliofunikwa kifudifudi juu ya nguzo, mrefu kuliko nyumba yenyewe, umeota ukungu wa kijani mgongoni.

Aliuliza nani aliyeuchonga. Selestina alisema hata marehemu mumewe hakujua. Babu wa mumewe alipohamia pale aliukuta kwenye mafunjo, umejaa udongo, majani yameota ndani yake. Kuupasua kuni aliogopa, kuuendesha hakuweza; basi akaufanya paa.

Fideli aliomba ushushwe. Majirani walikuja, pamoja na shemeji yake Selestina aitwaye Ndizeye, ambaye kazi yake ni kuvusha watu mtoni kwa mtumbwi mdogo. Walipoupindua, kila mtu akasogea karibu.

Ndani, alama za tezo zilikuwa zimepangana kama magamba ya samaki, safu kwa safu, tangu mbele hadi nyuma. Hakuna pigo lililomponyoka mchongaji. Mbavu za mtumbwi hazikuzidi unene wa kidole gumba, nazo zilikuwa zimeinuka sawasawa pande zote mbili. Mahali palipokuwa na ufa mkubwa, mtu fulani alikuwa ameushona kwa nyuzi za mti, mshono mdogo mdogo kama wa shuka la mtoto. Na mbele kabisa mti ulikuwa umeachwa uinuke juu, ukapinda kama shingo ya korongo.

Fideli alikwangua kidogo kwa ukucha, akanusa. Tangu ujana wake alikuwa ameishi na mbao, lakini mti ule hakuweza kuutaja jina. Alitazama vilima vilivyowazunguka: migomba, mikaratusi, mashamba ya mihogo. Hakuona hata mti mmoja ambao ungetoa nusu ya mtumbwi ule.

Selestina alimwona amesimama tu.

"Fundi, msumeno wako haukati?"

"Unakata, mama. Mkono ndio umekataa."

Akaomba wautie majini kwanza. Ndizeye alimwambia anajisumbua, chombo kilichokaa juani miaka yote hiyo kitazama kama jiwe. Hata hivyo wakakata migomba, wakaitandika, wakausereresha juu yake mpaka mtoni. Maji yakaingia kila upande. Mtumbwi ukashuka taratibu, ikabaki shingo peke yake juu ya maji.

"Nilisema mimi," Ndizeye akasema.

Fideli hakubishana. Alijua mti mkavu una kiu. Waliufunga kwa kamba kwenye shina la mti ukingoni, wakauacha unywe.

Juma lililofuata, alipotoka kanisani, akarudi. Waliingia majini na mabeseni, wakaanza kuyakumba maji. Walitarajia yarudi, hayakurudi. Nyufa zilikuwa zimefumba. Kadiri walivyokumba ndivyo mtumbwi ulivyoinuka, kwanza kingo, kisha ubavu mweusi unaong'aa, hadi ukaelea wote, mwepesi kama jani. Ukingoni watu walikuwa wamejaa. Ndizeye alivua kofia.

Selestina ndiye aliyetangulia kuingia. Ndizeye akashika upondo, Fideli akaketi katikati, yeye asiyejua kuogelea na ambaye siku zote alivuka mto amefumba macho. Safari hii aliyafumbua. Shingo ile iliyapasua maji bila kuyarusha, na mtumbwi ukaenda kimya kabisa, kana kwamba unaikumbuka njia.

"Miaka yote hii," Selestina akasema polepole, "nimelaza mbuzi chini ya kitu kinachotembea hivi."

Hakuuza tena. Fideli alimtengenezea mlango wa mkaratusi, akalipwa beberu. Mtumbwi alikabidhiwa Ndizeye, na watu wanaovuka kutoka mnadani sasa huusubiri huo hata kama mitumbwi mingine iko tayari. Husema hautikisiki.

Fideli humpelekea Ndizeye wageni wa kila namna, na kila mmoja humuuliza Fideli aliyeuchonga ni nani. Hujibu kwamba hajui. Kisha humshika mgeni mkono, akaupitisha juu ya zile alama za tezo, polepole.