Kiganja Chini ya Ngozi

Mpiga picha wa kliniki ya ngozi aliiminya chupa ya jeli ya ultrasaundi, ikakoroma kama kawaida yake inapokaribia kuisha. Huwa anaipasha kwanza viganjani, maana ni ya baridi na wagonjwa hushtuka. Mgonjwa wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa mwisho.

"Hapa, wifi?"

"Hapo hapo. Pamekaza, kama pamebandikwa kitu kwa ndani. Na usinipakepake sana, jeli yenyewe unaionea uchungu."

Kwa nje ngozi ilikuwa safi, haina kipele wala alama, na ndiyo maana daktari alimwandikia ultrasaundi. Mashine ya chumba kile hutazama ngozi tu, tabaka kwa tabaka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwa na mashine ya kuwaonyesha kilichokwisha kuvuka nguo. Mpiga picha alipitisha kifaa juu ya kiwiko. Kwenye kioo ukatokea mstari mweupe wa ngozi ya juu, halafu tabaka la kijivu, na chini yake, milimita tatu kwenda ndani, kiganja cha mwanamume. Kilikuwa cha kulia na kilikuwa kimeshika.

Hakuhitaji kuuliza ni cha nani. Kidole cha shahada hakikuwa na ncha. Ncha hiyo ililiwa na mnyororo wa baiskeli mdogo wake alipokuwa mtoto, na ni yeye dada mtu aliyemfunga kitambaa na kumbembeleza mpaka akalala. Akapima kina, akahifadhi picha, akampa wifi yake karatasi ya kujifutia.

Daktari wa ngozi aliitazama picha huku akitafuta miwani yake mfukoni.

"Kiganja cha mume," akasema. "Wengi wanavyo na hawajui. Kinasogea?"

"Sijui, daktari. Ni mara ya kwanza kumpima."

"Basi tufuatilie. Arudi mwezi ujao." Akaandika dawa ya kupaka asubuhi na jioni.

Mwezi uliofuata kiganja kilikuwa begani. Mwezi mwingine kilikuwa kwenye mfupa wa mtulinga. Kilikuwa kinapanda taratibu, kama mtu anayepanda ngazi bila kutaka kuamsha waliolala. Wifi hakutania tena habari za jeli.

"Anakupiga?" mpiga picha akamuuliza, macho yakiwa kwenye kioo.

"Hajawahi. Hunishika tu akiwa anaongea, ili nisikilize."

Jioni hiyo mpiga picha alikwenda kwa mama yake. Alimkuta anakunja nguo zilizokauka, akamweleza yote, mpaka milimita.

"Usije ukavunja nyumba ya mdogo wako," mama akasema.

"Mama, kinaelekea shingoni."

"Kikifika huko hutulia. Cha baba yako kilitulia."

Mama akachukua bilauri ya maji, akanywa fundo dogo, akasubiri, akanywa jingine. Ndivyo alivyokunywa maji miaka yote, na watoto wake walijua kuwa mama hana haraka. Mpiga picha alimwangalia shingoni akimeza.

Mara ya nne hakuhitaji kukitafuta. Dole gumba lilikuwa upande mmoja wa koromeo, vidole vinne upande wa pili. Vilikuwa havijabana. Wifi alipomeza mate, vidole vilipisha kidogo, kisha vikarudi mahali pake.

"Leo usirudi kwako," mpiga picha akasema. "Twende kwangu. Naogopa, wifi."

"Na mimi naogopa." Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba, ya kukwaruza. "Lakini akija kwako kunichukua, utamfungia mlango? Huyo si ndiye uliyembeba mgongoni?"

Mpiga picha akarudisha macho kwenye kioo. Wifi alikuwa bado amelala, jeli shingoni na kifaa juu yake, mlango ulipobishwa mara moja, kwa adabu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mdogo wake aliingia akifuta viatu. Ni mtu wa watu. Wauguzi wa mapokezi walikuwa bado wanacheka kwa alichowaambia.

"Dada, niambie ukweli. Sauti ya mke wangu inapotea. Sipati usingizi, nawaza isije ikawa kansa."

Dada mtu akageuza kioo upande wake. Jamaa aliinama, akaitazama picha kwa makini. Akainua mkono wake wa kulia, akaulinganisha na ule wa kwenye kioo, kidole kwa kidole, mpaka kile kisicho na ncha.

"Kumbe ni mimi," akasema, akashusha pumzi ndefu. "Nilidhani ni ugonjwa."

Mpiga picha alikuwa na neno la kumwambia, na alikuwa amelipanga tangu usiku. Akamtazama usoni, akaona jinsi alivyofurahi, hofu ikamshika. Akampangia wifi yake tarehe ya mwezi ujao.

Mwanamke alijifuta jeli, akafunga vifungo vya blauzi hadi juu. Mumewe akamwekea kiganja nyuma ya shingo, kwa upole, akamwelekeza mlangoni. Hapo mwanamke akageuka, akafumbua midomo ili aage, na sauti haikutoka.

"Tunashukuru sana, dada," mume akasema kwa niaba ya wote wawili.