Chokaa Isiyo na Ute

Tangu alfajiri Hortensia na mumewe Eleuterio walikuwa wameshaipita miji mitatu katika pikapu yao iliyochoka, na kila mji ulikuwa na kuta zake zilizochorwa: mahindi yenye macho, punda wa buluu, watakatifu wakicheza ngoma. Hortensia alizitazama kwa adabu tu. Yeye alikuwa akimfuata mtu wa mji wa nne: dada yake Delfina, aliyechorwa ukutani amesimama mbele ya malori ya kampuni iliyotaka chemchemi yao. Delfina alishafariki, na hakuacha hata picha moja.

Walipofika, ukuta ulikuwa mweupe pe.

"Wamepaka jana," alisema muuza tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, aliyeketi mkabala. "Kesho wanaandika jina la meya. Alileta mafundi kutoka mji mkuu, wakamaliza kabla ya chakula cha mchana."

"Tumechelewa, mke wangu," Eleuterio akanong'ona.

Hortensia alipitisha kidole ukutani, kikatoka cheupe. Hasira yake ikageuka kicheko. Huku milimani hata mtoto anajua kuwa chokaa huchanganywa na ute wa majani ya mpungate, ule mmea wa miiba, la sivyo haishiki.

"Hawakutia ute, hawa?"

"Ute wapi, dada. Walikuwa na haraka."

"Haraka haraka haina baraka. Niazime ndoo."

Alimwaga maji, akasugua kwa ufagio. Mgambo wa manispaa akaja mbio, kofia mkononi.

"Bibi, acha. Ukuta huo ni mali ya manispaa."

"Ukuta chukueni, mwanangu. Mimi namnawisha dada yangu uso."

"Nitakukamata."

"Subiri nimalize shingo."

Eleuterio, ambaye maisha yake yote aliogopa hata filimbi ya trafiki, alikunja suruali akaenda kuchota maji. Muuza tamale naye akaacha sufuria yake, akaja na ndoo ya pili.

"Fika na kushoto hapo," alisema. "Hapo nimechorwa mimi pia."

Mgambo akatoa pingu. Hortensia akamkabidhi ndoo tupu aishike, akaendelea kusugua. Chokaa iliteremka kama maziwa, na Delfina akatokea kidogo kidogo: paji la uso, macho makali, kisha mdomo. Mdomo ulikuwa wazi, bado unawafokea madereva wa malori. Hortensia aliweka kiganja kwenye shavu lile lililolowa, akalia waziwazi, ufagio ukiwa bado mkononi.