Mate ya Mfumaji

Mji mzima wa Ahmedabad unamsifu Sheth Trikamlal kwamba ndiye aliyetuletea kiwanda cha nguo. Sawa, alileta. Lakini mitambo ilipowashwa mara ya kwanza, nani alithubutu kuisogelea? Matajiri wenzake walimcheka, na watu wa mjini wakavumisha kwamba ule moshi unataka damu ya watoto. Sheth akaja mwenyewe mtaani kwetu, mtaa wa watu wasioguswa, ambao tukigusa kitu husemwa kimenajisika, akasimama nje ya kizingiti. Hakuingia, msinichekeshe. Akamwambia mume wangu, "Gala, ninyi mmezaliwa kwenye kufuma. Msiniache niaibike."

Mume wangu, Baba Jivi, akaenda na wenzake. Walifuma mpaka nguo ya Sheth ikaanza kuwatoa jasho Waingereza sokoni.

Kiwanda kiliponoga, watu wa koo za juu wakakumbuka kwamba nao wana mikono. Wakaingia, wakakuta jambo moja. Kila uzi unapokwisha na kuwekwa mwingine, mfumaji hukichukua kile kijiti chenye tundu kinachoupitisha huku na huku, akaweka mdomo tunduni na kuufyonza uzi mpaka utokeze. Na kijiti hakina mwenyewe. Zamu ikibadilika, anakishika mwingine. Wakang'aka: wao walambe mate yetu! Wakagoma, kiongozi wao bwana mmoja Kashiram. "Ama sisi, ama wao," akasema.

Sheth aliahidi kutoa jibu sikukuu ya Dasara, tunapoivisha mitambo maua na kuiombea. Akiwachagua wale, Baba Jivi angetolewa kwenye kazi ya baba na babu zake, apelekwe kwenye vumbi la kusokota uzi, ambako hakuna anayejali nani kagusa nini.

Siku ikafika. Sheth akavunja nazi ya baraka mbele ya mitambo, kisha akaanza kuhutubia, uso umemwiva kwa hasira.

"Jana nimefukuzwa mlangoni pa klabu ya Waingereza! Nguo yangu wanaivaa, lakini mimi mwenyewe nikikalia kiti chao nakitia uchafu! Huo ni utu?"

"Aibu! Aibu!" watu wakapiga kelele, na aliyewashinda wote kwa sauti alikuwa Kashiram. Nikajipenyeza mbele.

"Sheth," nikasema, "na mlango huu wako je?"

"We mwanamke, funga domo lako!" Kashiram akanirukia.

"Funga la kwako! Moshi ulipokuwa unakula watoto ulikuwa wapi? Si ulijificha kwenye upindo wa sari ya mama yako?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Baba Jivi, mtu asiye na maneno mengi, hakucheka. Alikwenda kwenye mtambo wake, akatwaa kijiti, akafyonza uzi mbele ya macho ya wote, kisha akakiweka chini miguuni pa Sheth, kwa maana sisi haturuhusiwi kumpa mtu wa namna ile kitu mkononi.

"Fyonza na wewe, Sheth, wakuone," akasema. "Ukifyonza wewe, nani atakataa?"

Sheth akainama, akakiokota. Jamani, nilimpenda mtu yule wakati ule! Akatutazama sisi, akamtazama Kashiram. Machozi yalimlengalenga, nayaona mpaka leo. Akavuta ncha ya shali yake, akalifuta tundu. Akalifuta tena, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto pua. Mimi mjinga bado nilikuwa nangoja akipeleke mdomoni.

Akamkabidhi Kashiram.

"Chukua," akasema kwa upole. "Sasa kiko safi."

Walimpigia makofi, na kesho yake Baba Jivi akaenda kusokota uzi. Sasa anakohoa usiku kucha, na mji unamwita Sheth baba wa viwanda. Wale Waingereza, pamoja na ubaya wao wote, walau walimfungia mlango wa nyumba ambayo si yeye aliyewajengea.