Kiganja Kikavu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonichokoza kama kuhurumiwa nikiwa kazini. Ukinikuta na matope hadi viwikoni ukaniambia "pole na kazi", nitakuitikia kwa adabu, lakini moyoni nitakuwa nauliza: pole ya nini? Nani amekufa?

Tabia hiyo niliirithi kwa mama yangu, Sally. Tuliishi nje kidogo ya Kitale, na kazi yetu ilikuwa kusiriba nyumba za watu: udongo, mavi ya ng'ombe, majivu kidogo na mikono yetu wenyewe. Mama hakuanza ukuta wowote kabla ya kuupapasa kwa kiganja kikavu, kuanzia mlangoni, akizunguka chumba chote polepole, macho ameyafumba. Akimaliza alisema, "Asante kwa kazi," ndipo akalowesha mikono. Siku moja nilimuuliza anamshukuru nani, ukuta au Mungu. Akasema yeyote anayesikia.

"Na wewe usikize mkono yako, Jerono," aliniambia. "Mkono ikikataa, wacha. Kichwa itajua baadaye."

Desemba ya mwaka 1987 niliolewa na Wabwile, aliyekuwa akiendesha trekta huko kwetu, naye akanipeleka kwao Myanga. Boma lao lilikuwa na desturi yake: bibi arusi mpya humsiribia mama mkwe jiko kabla ya Krismasi, peke yake, kwa siku moja, wala haachi hata pa kuweka kidole. Ukiacha kipande umesema mwenyewe kwamba hukai. Wilkista, mke wa shemeji yangu mkubwa, ndiye aliyenieleza. Alinisimulia na habari za msichana fulani aliyeacha kipande nyuma ya mlango kwa uvivu tu. Mwezi haukuisha kabla hajarudi kwa mama yake. Nilicheka. Jiko moja lingenishinda mimi, mtoto wa Sally?

Ila sikucheka sana, kwa sababu mama mkwe wangu, Mama Sellah, alikuwa bado hajaniita kwa jina langu. Nilikuwa "wewe wa Kitale". Wewe wa Kitale, lete maji. Hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali, ningejua pa kushika. Nilimpenda Wabwile na nilitaka kukaa pale. Nilitaka yule mama anikubali, nami sioni haya kulisema.

Asubuhi ya siku yangu alichukua kikapu kitupu akasema anaenda sokoni. Haikuwa siku ya soko.

"Jiko ni yako leo," alisema bila kuniangalia, akashika njia.

Niliingia. Jiko la miaka mingi lina giza lake zuri, linalonukia moshi na maziwa, na jua lilikuwa likipenya chini ya nyasi za paa na kusimama katikati ya chumba, vumbi likielea ndani yake bila haraka. Nilifumba macho, nikaanza kupapasa. Ukuta ulikuwa mnene, Krismasi juu ya Krismasi, mkono uleule mpana ukipita kila mwaka. Nilizunguka hivyo hadi kona iliyo nyuma ya mafiga, na hapo kiganja kikashuka, kama mguu unapokosa ngazi.

Hapo udongo ulikuwa mwembamba, umelainishwa na masizi. Mikunjo ya vidole ilikuwa midogo na imeelekea upande usio wake, upande wa anayepaka kwa mkono wa kushoto. Haikupanda juu zaidi ya kifua changu. Kila mkunjo uliishia pale kidole gumba kilipobonyezwa, na gumba langu halikuenea ndani yake. Ule mkono mpana ulikuwa umeizunguka kona hiyo mwaka baada ya mwaka bila kuigusa, kama unavyofagia ukimzunguka mtoto aliyelala.

Nikasema asante kwa kazi, nikalowesha mikono.

Kusiriba hulaza akili. Mkono unakwenda na kurudi, udongo unapoa chini ya vidole, na baada ya muda hujui kama uko Myanga au Kitale, kama una mume au bado unabeba ndoo nyuma ya mama yako. Siku ile nilisikia kama kuna mtu mwingine anayepaka pamoja nami upande wa pili wa mafiga, anapumua kwa mdomo kama wafanyavyo watoto wanaojitahidi. Sikugeuka kumtazama. Nilifurahi kuwa na mwenzangu, tukaenda naye hivyo, ukuta kwa ukuta, hadi jua likahama.

Nilipoifikia ile kona, mkono ulikataa. Niliushika udongo, nikauinua, nikaurudisha. Kichwa kikaniambia, mjinga wewe, unataka kurudishwa kwenu kwa sababu ya kipande cha ukuta? Niliogopa kwelikweli. Nikainua tena. Udongo ukaanza kukauka na kupasuka kiganjani, nami bado nimesimama.

"Pole na kazi," alisema Wilkista mlangoni. Kisha akaona. "Haa! Si hapo bado?"

"Hapo siendi."

"Ati huendi? Salamu zote hizo, mulembe mulembe, ulipea ukuta asubuhi, nilikuona, halafu umwachie mama kona? Utaenda kwenu, bana. Kuja nikusaidie mbio, hakuna mtu atajua."

Aliuchota udongo. Nikamshika kifundo cha mkono, na nadhani nilimuumiza. Tulikuwa tungali tumeshikana hivyo Mama Sellah alipoingia. Alitutazama sisi, akaitazama kona. Kikapu chake kilikuwa kitupu vilevile.

"Nani alikwambia?" aliniuliza.

"Hakuna, mama. Mkono ilikataa."

Alikaa chini, palepale sakafuni, miguu ameinyoosha. "Nasipwondi, msichana yangu, alikuwa anatumia mkono ya kushoto," alisema. "Nilikuwa namgombeza, paka na ya kulia kama watu. Hiyo kona ndiyo nilimpea ajifunzie. Hakufika Krismasi ingine."

Wilkista aliweka mkono mdomoni. Alimjua mtoto huyo hadi siku ya kumzika, ila habari ya kona hakuijua.

"Kila mwaka ni mimi nazunguka hapo," mama aliendelea. "Mwaka huu nikasema ni haki ya bibi arusi, wa kwanza tangu hapo, wacha ifunikwe. Sikuweza kukukataza. Nilienda nikakaa tu kando ya barabara, nisione."

Nilikuwa nalia, na matope usoni.

Mama alijiinua. "Nimesikia Wilkista akisema ulisalimia ukuta. Hiyo salamu inafanywa aje?"

Nilimwonyesha kiganja kikavu. Akapangusa chake kwenye leso, akakiweka juu ya ile mikunjo midogo, akafumba macho kama nilivyomwambia, akakaa hivyo.

"Asante kwa kazi, Nasipwondi," alisema.

Kisha, akiwa bado ameuelekea ukuta, akasema, "Jerono, washa moto. Tunywe chai."

Nikawasha.