Aproni ya Mkwe

Chanzo cha yote ni jogoo. Jogoo mwekundu, shingo tupu, aliyekuwa amekwisha hukumiwa kuingia chunguni kwa heshima ya mkwe kutoka Kitale. Alikataa hukumu. Alipita katikati ya miguu ya Mama Nakhumicha aliyekuwa akimkimbiza, na Mama Nakhumicha akaangukia mkono wake wa kulia. Jogoo akapanda paa la choo, akawika.

Hivyo ndivyo Wekoye, badala ya kukaa Bumula akitafuna paja la kuku, alivyojikuta akiendesha gari lake la Probox kwenda kliniki ya Kanduyi, mama mkwe wake ameketi nyuma yake. Kioo cha ndani alikuwa amekigeuza kikatazama paa la gari. Mkwe na mama mkwe wa Kibukusu hawatazamani usoni wala hawashikani mkono, na Wekoye aliishika mila hiyo kuliko hata wazee walioileta. Maneno yote yalipitia kwa Joy, mkewe, mwalimu wa chekechea mwenye sauti ndogo.

"Joy, muulize mama kama nipunguze mwendo."

"Joy, mwambie huyo mtu mashimo si yeye aliyeyachimba. Aende tu."

Joy alifikisha kila ujumbe, ingawa wote wawili walikuwa wanasikia vizuri kabisa. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mkoba ukipapasa kijiwe cha odowa, ule udongo mgumu unaotamaniwa na wajawazito. Alimega kipande, akakitia mdomoni polepole kama mwizi, akatazama nje.

Mwaka uliopita alisema mapema. Kanisa zima lilishangilia, Wekoye akapaka rangi kile chumba kidogo. Kisha mimba ikatoka. Joy alipokea pole kutoka kwa watu walewale waliompa hongera, na Wekoye akajifungia stoo ya duka lake la mbegu akalia huko, akidhani magunia hayasikilizi. Safari hii Joy aliapa kutomwambia mtu, hasa Wekoye, mpaka tumbo lenyewe liseme.

Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, kliniki ilikuwa na mpiga picha za eksirei mmoja tu, Jepchirchir, msichana mchangamfu mwenye kibeji kifuani.

"Hiki kinapima miale ninayopata kazini," alimweleza Mama Nakhumicha, aliyekuwa amekikodolea macho. "Wakubwa wakikisoma waone imezidi, naitwa."

Aliulaza mkono wa mgonjwa mezani, akauegemeza kwa vifuko vya mchanga. Lakini maumivu yaliutetemesha hadi kifuko kimoja kikaanguka.

"Picha itatoka na ukungu," Jepchirchir alisema. "Turudie, mama apigwe miale mara mbili bure. Lazima mtu amshike hapa juu."

"Si ushike wewe?" Wekoye aliuliza akiwa mlangoni, uso ukutani.

"Mimi nabonyeza kutoka nyuma ya ile kinga. Na nikishika kila anayetetemeka Bungoma hii, mwisho wa mwaka nitang'aa kama stima, bana." Alimgeukia Joy. "Dada, ingia wewe. Lakini kwanza, una mimba? Ama kuna uwezekano?"

Joy alihisi masikio ya mumewe yakisimama. Akisema ndiyo, chumba kile kitapakwa rangi tena kesho. Akisema hapana, ataingia pale na mtoto wake.

"Ni ya mkono tu," alijaribu. "Si ni miale kidogo?"

"Kwa mtu mzima ni kidogo sana, kuliko hata ile unayopata kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Lakini mtoto aliye tumboni hatumjaribii bahati. Nijibu."

Joy alifungua mdomo. "Ha..."

"Huyo simtaki!" Mama Nakhumicha alidakia. "Mikono yake imezoea chaki. Nataka mkwe."

Wekoye alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango. "Joy, mwambie mama... mwambie..."

"Aniambie nini? Kuku alikuwa anachinjiwa nani? Mwambie aje ashike alichovunja."

"Kwani shida ni gani?" Jepchirchir aliuliza.

"Siwezi kumgusa," Wekoye aliuambia ukuta. "Wazee wakisikia, ni kikao."

Mama Nakhumicha alitupa jicho kwenye vazi zito la buluu lililoning'inia karibu na mlango. "Daktari, lile ni la nini?"

"Ni aproni ya kinga, ina madini ya risasi ndani. Na glavu zake ziko hapa. Zinazuia miale karibu yote."

"Miale inayopita nyama mpaka mfupa?"

"Hiyohiyo."

"Sasa nguo inayozuia hiyo itashindwa kuzuia aibu? Mvalishe! Atakayenigusa ni hiyo risasi, si mkwe."

Wekoye alivalishwa. Alisimama ameinama kama mpagazi aliyepewa gunia la mtu mwingine, macho ameyafumba, mikono mbele ikitafuta njia. Jepchirchir alimwongoza Joy nje. "Na wewe ambaye hujanijibu," alinong'ona, "kaa huku, mlango ufungwe."

Joy alitega sikio.

"Joy, mwambie mama samahani kwa..."

"Joy hayuko. Niambie mwenyewe."

Viatu vya Wekoye vikasogea sakafuni.

"Samahani, mama."

"Haya. Shika vizuri, usinifinye kama jogoo."

Mashine ikalia mlio mfupi, ikanyamaza.

Mfupa ulikuwa umepasuka lakini haujahama. Baada ya kufunga plasta, Jepchirchir alisema warudi kwa picha nyingine, na waje na wa kumshika.

"Atakuja huyuhuyu," Mama Nakhumicha alitangaza, akiitazama dari. "Binti yangu haingii humo mpaka baada ya mavuno."

Wekoye ni muuza mbegu. Hesabu ya kupanda na kuvuna hafundishwi. Alimgeukia Joy taratibu, aproni bado mwilini, akaona unga wa odowa pembeni ya mdomo wake.

Joy aliitikia kwa kichwa. "Usipake rangi," alisema.

"Sitapaka." Wekoye alijibu. "Sijaona kitu. Nilikuwa nimefumba macho." Kisha akamrukia Jepchirchir kwa maswali: je, kule nje miale haikumfikia Joy? Na mama, si watakaa gari moja, hatoi miale sasa?

"Ni kama taa, ukizima imeisha. Haikai ndani ya mtu. Aproni acha hapa."

"Niazime tu mpaka Kitale. Nitairudisha."

"Vua!"

Njiani kurudi Bumula kioo kiliendelea kutazama paa. Probox sasa ilikwenda kama imebeba mayai, ikisimama mbele ya kila shimo kuomba ruhusa, na bodaboda zikiipita zikicheka.

"Joy," sauti ya nyuma ikasema, "mwambie huyo mtu tutafika jogoo amekufa kwa uzee."