Sentensi ya Mshiriki wa Mwisho

Kila Jumatatu, kabla chai haijamiminwa, mkuu wa idara ya saikolojia alibandika ukutani karatasi ya kuonyesha kila mhadhiri amenukuliwa mara ngapi na wenzake duniani. Aliibandika juu kidogo ya birika, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kujifanya hajaiona. Wahadhiri walisogea na vikombe vyao, wakatafuta majina yao kwa jicho la pembeni, kisha wakaanza kuzungumzia mvua.

Mtafiti hakuwa na haja ya kutafuta lake. Lilikaa juu kabisa, na lilikaa huko kwa sababu ya makala moja tu, ile ya wazazi waliofiwa na watoto wao. Alikuwa ameandika nyingine nyingi, zilizomtoa jasho zaidi, ambazo hata wahariri wake walishazisahau. Kwa ajili ya hiyo moja wenzake walimwita Mama Huzuni, naye alishachoka kuwakataza.

"Mama Huzuni, umepaa tena," alisema mwenzake wa ofisi ya jirani, akichovya biskuti. "Utatuachia lini na sisi tuonekane?"

Mtafiti alitabasamu kwa shingo upande. Simu ikamtetemeka mfukoni. Alikuwa dada yake.

"Imenitoka tena," dada alisema. "Ya sasa hivi nilikuwa nampima mtoto sare ya shule, mama yake kasimama hapo hapo. Kamshika mkono mwanawe, wameondoka."

"Pole, dada."

"Hebu waambie wenzako wapumzike kidogo, mdogo wangu. Nina kazi za watu hapa."

Sentensi iliyomtoka ilikuwa ile ile siku zote: "Baada ya mwaka mmoja, niliacha kumsubiri." Mtu yeyote, popote alipo, akiinukuu makala ya mtafiti, dada aliisema hiyo sentensi kwa sauti yake mwenyewe, awe anashona, awe anakula, awe amelala. Haikumuuma. Ilimtoka kama kwikwi, naye akaendelea na alichokuwa akifanya. Wakati wa likizo za vyuo alipata nafuu. Zilipokaribia tarehe za kukusanya tasnifu, ilikuwa taabu tupu.

Walikwishakwenda hospitali. Daktari wa koo alimulika kinywani, akazima tochi, akauliza kama mgonjwa amewahi kuhojiwa.

"Na huyu mdogo wangu," dada alijibu.

"Makala ilitoka?"

"Ilitoka," alisema mtafiti.

Daktari alitikisa kichwa kama aliyeambiwa ni mafua. Alisema wagonjwa wa namna hiyo anawapata, na kwa kawaida hupona wenyewe, maana makala nyingi hazisomwi na mtu. Alikuwa na dereva mmoja wa lori aliyesumbuliwa msimu mmoja tu, basi. "Hii yenu inanukuliwa sana?"

"Sana."

"Basi poleni," daktari alisema, akamwita anayefuata.

Sentensi yenyewe ilipatikana hivi. Utafiti ulikuwa umepungukiwa mshiriki mmoja. Mzazi aliyeahidi kuja alibadili mawazo, jarida lilishaweka siku ya mwisho, na mtafiti, ambaye wiki nzima alikuwa akila mikate mikavu ofisini, alikwenda kwa dada yake na kinasa sauti. Kumhoji ndugu yako ni mwiko katika kazi ile. Alilijua hilo vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi. Akampa dada jina la Mshiriki wa Mwisho, akamwongezea umri kidogo, akamwandika muuza mboga badala ya fundi cherehani.

Dada alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee. Kijana alikwenda asubuhi kibaruani, jukwaa la ujenzi likaporomoka naye. Katika mahojiano alijibu kila kitu bila kulalamika. Walipofika kwenye swali la kumsubiri, alimtazama mdogo wake alivyokonda, akaona kwamba huyu mtoto anahitaji jibu zuri ili aende akalale. Akampa. Halikuwa kweli hata chembe. Alikuwa akimsubiri mwanawe kila jioni, na hata wakati anasema kwamba ameacha, sikio lake lilikuwa njiani. Mtafiti aliliona sikio lile. Aliliona, akazima kinasa sauti, akaenda kuandika.

Sentensi hiyo ndiyo iliyoibeba makala. Washiriki wengine walikuwa wamejibu kwa kuzunguka, wakilia katikati na kurudia mambo, lakini Mshiriki wa Mwisho alisema jambo likaeleweka. Waandishi wa vitabu vya washauri nasaha waliipenda. Waajiri waliipenda pia, kwa kuwa iliwaonyesha kwamba mfiwa akipewa muda wa kutosha hurudi kazini akiwa mzima.

Shemeji hakuipenda. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na karakana yake ilikuwa uani. Mwanzoni alivumilia. Kisha akaanza kubeba sahani yake na kwenda kulia chakula kati ya friji mbovu, na baadaye akahamishia huko na godoro.

"Najua si wewe unayesema," alimwambia mkewe, mtafiti akiwapo. "Lakini sikio langu halijui. Linasikia mama mtu anasema kaacha kumsubiri mwanangu. Kila siku linasikia."

Dada alimtayarishia shuka safi, na alipotoka nazo mtafiti alimfuata hadi mlangoni.

"Hilo la shemeji yako nitalimudu," dada alisema. "Kuna jingine linanitisha. Jana jioni nimeshona mpaka giza likaingia, ndiyo nikakumbuka kwamba sikumsubiri. Sikusahau kwa sababu ya kazi. Haikunijia tu. Ikabidi nikae kitini nimsubiri kwa makusudi, kama mtu anayemeza dawa." Alihamisha shuka mkono wa pili. "Linanizoesha hilo neno. Nikiacha mimi, atasubiriwa na nani? Nenda kawaambie ukweli, mdogo wangu. Waambie mimi ni dada yako, na nilikudanganya ili ukalale. Waifute."

Mtafiti aliahidi. Aliahidi kwa moyo mmoja, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akipanga maneno.

Kesho yake alianza na mwenzake wa ofisi ya jirani, aliyekuwa akimalizia makala kuhusu ari ya wafanyakazi wa benki. Alimwomba asimnukuu.

"Nimeshakunukuu mara tatu," alisema yule, akidhani anasifiwa. "Hapa si tunabebana? Na wewe utanikumbuka."

"Lakini umeisoma?"

"Muhtasari nimeupitia." Akabonyeza kitufe, makala ikaenda. Simu ya mtafiti ikatetemeka mfukoni, na hakuwa na nguvu ya kuipokea.

Kwa mkuu wa idara alikaa muda mrefu zaidi. Mkuu alisikiliza habari ya sentensi inayomtoka dada, akauliza kama ni kwa kila nukuu au zile za majarida makubwa tu. Alipoambiwa ni kwa kila nukuu, hata za tasnifu za wanafunzi, aliandika kitu pembeni. Ilionekana tarakimu za idara zilikuwa pungufu, na dada angeweza kusaidia kuzihakiki.

"Nataka kuiondoa makala," mtafiti alisema.

"Ukiiondoa hiyo unabaki na nini?" Mkuu hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mzee aliyechoka, mwenye idara ya kulisha. "Kamati ya kupandisha vyeo inakaa mwezi ujao. Jina lako la uprofesa liko mezani. Kwa nini usisahihishe hiyo sentensi moja? Ya undugu hakuna aliyeyauliza."

Mtafiti alikuwa na miaka mingi ya kufundisha madarasa ya asubuhi katika kumbi zisizo na feni, na ya kuwakaribisha maprofesa wa nje waliomwita msaidizi. Aliutaka uprofesa. Aliutaka kuliko alivyotaka kukiri, na aliona aibu, lakini aibu haikupunguza kuutaka. Akamwandikia mhariri kwamba jibu la Mshiriki wa Mwisho lisichukuliwe kuwa la kuaminika. Ya undugu hakuyagusa.

Mhariri alikuwa mwepesi na mwenye adabu. Masahihisho yalichapishwa, na kwa kuwa huwezi kusahihisha sentensi bila kuionyesha, sentensi ilichapishwa upya, kwa herufi za mlazo, na makala ikatajwa chini yake. Siku hiyo dada alikuwa katika foleni ya maji. Aliisema mara mbili, kwa mkazo.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Watu walioinukuu makala waliongeza kwamba mwandishi ameisahihisha mwenyewe, jambo linaloonyesha umakini wa hali ya juu. Walionukuu masahihisho walilazimika kuinukuu na makala. Jumatatu iliyofuata mkuu wa idara alihitaji karatasi ndefu zaidi.

Dada hakupiga tena simu. Mtafiti alipompigia, alijibu kwamba hajambo, kwamba sare za muhula mpya zimemjia kwa wingi, na katikati ya salamu sentensi ikamtoka, akaendelea na salamu.

Kamati ilikaa. Mtafiti akawa profesa. Walimpigia makofi, wakampa kiti chenye mgongo mrefu, na mwenzake wa ofisi ya jirani akatoa hotuba fupi akimnukuu.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake. Shemeji alikuwa uani, ameingiza kichwa nyuma ya friji, akaitikia salamu bila kukitoa. Dada alikuwa akipinda suruali ya shule.

"Wamenipa," mtafiti alisema.

"Hongera, mdogo wangu. Mama angefurahi sana." Alisema kweli. Furaha ilimjaa usoni, na mtafiti alishindwa kuitazama.

"Sasa nitawaandikia," alisema haraka. "Yote, dada. Undugu, kila kitu. Nikishakaa sawa kidogo. Labda muhula ukiisha."

Dada aliupinda upindo mara ya pili, akaulainisha kwa kidole gumba.

"Nimeacha kumsubiri," alisema.

"Pole, dada," mtafiti alisema kwa mazoea. "Huyo hata hajainukuu vizuri. Ameruka mwaka mzima."

"Hakuna aliyenukuu," dada alisema. "Hiyo nimesema mwenyewe."

Huko uani bisibisi ilinyamaza. Mtafiti alisubiri shemeji aseme neno, lakini baada ya muda bisibisi iliendelea na kazi yake. Dada alikata uzi kwa meno, akamnyooshea mguu mmoja wa suruali.

"Nishikie hapa," alisema. "Vuta, isije ikajikunja."

Profesa akashika, akavuta.