Mti wa Chai Haujui Alhamisi

Kepher Okeyo alikuwa na shahada ya hesabu kutoka chuo kimoja cha Afrika Kusini, na kazi ya kupima majani mabichi kwenye mizani ya shamba la chai huko Boito. Baina ya mambo hayo mawili hapakuwa na uhusiano wowote, isipokuwa kwamba yote yalihitaji mtu anayejua kujumlisha. Mwaka huo wa 1937 aliazimia kuiacha mizani na kwenda Uingereza kusomea takwimu hadi ngazi ya udaktari. Katika kambi ya wafanyakazi habari hiyo ilipokewa kwa furaha. Watu watatu walikwisha kumletea meno mabovu ayatazame.

Fomu ya chuo ilikuwa na kurasa nne. Tatu hazikumpa shida. Ya nne iliuliza jambo moja tu: mwombaji aeleze utafiti alioufanya mwenyewe. Kwa jibu hilo iliachwa mistari ishirini na minne, na Kepher aliitazama kama mwenye kuku mmoja anavyowatazama wageni ishirini na wanne. Utafiti wake wote ulikuwa mmoja, nao ulikuwa bado unaendelea nyuma ya kiwanda.

Meneja alikuwa amempa viwanja kumi vya chai, vyenye ukubwa sawa, vilivyopangwa viwili viwili. Katika kila jozi, kiwanja kimoja kilitiwa samadi ya ng'ombe na kingine hakikutiwa. Jozi ya kwanza ilichumwa Jumatatu, ya pili Jumanne, na hivyo hadi Ijumaa, na majani ya kila kiwanja yalipimwa peke yake. Swali lilikuwa jepesi: je, samadi huongeza majani? Kepher alitumaini kwamba huongeza. Kosa lake lilikuwa kulitamka tumaini hilo mbele ya mchungaji, ambaye Jumapili iliyofuata aliviombea viwanja vya samadi kwa muda mrefu kuliko alivyomwombea mfalme.

Miezi mitatu baadaye, matokeo yalikuwa ya kupendeza. Fomu ilipaswa kupelekwa posta ya Kericho siku ya Jumamosi. Alhamisi jioni Kepher alichukua daftari lake akaenda kwa Zacheus, mwenye duka aliyehamia huko kutoka Nyeri, ambaye alikuwa na mashine ya kupiga chapa na maoni juu ya kila alichokipiga.

"Nisomee namba, mimi nipige," alisema Zacheus.

"Wastani wa ratili kwa kila siku. Jumatatu: samadi arobaini, bila samadi ishirini na moja."

"Bwana karani, hata mimi ningekupa huo udaktari."

"Jumanne: thelathini na tisa, ishirini na mbili. Jumatano: arobaini na moja, ishirini. Alhamisi: thelathini na moja, thelathini."

Zacheus akainua vidole. "Alhamisi kuna nini?"

"Sijui."

"Basi iache. Siku nne zinatosha. Mungu mwenyewe alikuwa na siku moja ambayo hakufanya kitu."

Lakini Kepher alikuwa ameanza kujumlisha, na mtu wa aina yake akianza hazuiliki. Arobaini na ishirini na moja ni sitini na moja. Thelathini na tisa na ishirini na mbili ni sitini na moja. Alhamisi nayo ilikuwa sitini na moja.

"Mti wa chai haujui Alhamisi," alisema polepole. "Kama samadi ingefanya kazi siku zingine, jumla ya siku hizo ingeipita ya Alhamisi. Haikuipita. Majani hayakuongezeka, Zacheus. Yamehama."

"Majani hayana miguu."

"Wachumaji wanayo."

Kesho yake asubuhi alimngoja Jerusa Ajwang kwenye mizani. Jerusa alikuwa mama wa makamo kutoka pande za ziwa, kiongozi wa wachumaji wa viwanja vile ingawa hakuna aliyemteua.

"Mama Jerusa, Alhamisi huwa uko wapi?"

"Kanisani. Nafundisha wanawake wa ubatizo. Hata nyapara anajua."

"Na siku zingine?"

"Siku zingine nakusaidia wewe."

Akaeleza bila haya yoyote. Kila walipofika mwisho wa mstari, walichota konzi kadhaa kutoka kikapu cha kiwanja kisicho na samadi, wakazitia katika kile cha samadi.

"Nani aliwatuma?"

"Si mchungaji aliomba? Tungemwachia Mungu peke yake? Na wewe, mwanangu, ulikuwa unapita hapa na uso kama ng'ombe amenyimwa chumvi. Tukasema, huyu samadi ikimwangusha, atabaki kwa mizani mpaka azeeke."

"Mko wangapi?"

"Sita. Wa saba ni Nyambeki. Huyo hapendi dhambi, kwa hivyo alikuwa anatazama upande ule mwingine."

"Mbona Alhamisi hawakunisaidia?"

"Mimi nisipokuwepo, hao wanaogopa nyapara," alisema Jerusa kwa masikitiko. "Nitawasema."

Jioni hiyo Zacheus alisikiliza kisa chote, kisha akatoa ushauri ambao angempa mteja yeyote. "Andika arobaini. Nani atakuja Boito kuhesabu?"

"Mimi nitakuwa nimeshahesabu."

"Hutapata nafasi."

"Huenda."

Mistari ishirini na minne ilijaa. Kepher alieleza kwamba jaribio lake lilikuwa limeharibika, jinsi alivyogundua, na kwamba siku pekee ya kuaminika ilikuwa Alhamisi, ambayo haikuonyesha faida yoyote ya samadi. Akamalizia kwamba hakuwa na utafiti mwingine. Zacheus aliipiga chapa kwa uso wa mtu anayeandaa tangazo la msiba.

"Hii si barua ya kuomba," alisema. "Ni ya kuungama."

Jibu lilifika Januari. Profesa aliandika kwamba waombaji wengi walikuwa wameleta majaribio yaliyofaulu, naye hakuwa na njia ya kujua ni mangapi kati yake yalikuwa na akina Jerusa. Kepher alipewa nafasi kuanzia Septemba, kwa sharti moja: aje na takwimu za msimu mwingine, na safari hii anayechuma na anayepima wote wasijue samadi imetiwa wapi.

Meneja alileta watu wa kambi nyingine. Walichimba mifereji katika viwanja vyote kumi, wakatia samadi katika vitano, wakaifukia yote sawasawa. Orodha ilifungiwa ofisini.

Siku ya kwanza ya kuchuma, Jerusa alimjia Kepher na kikapu mgongoni. "Haya, niambie. Vyetu ni vipi?"

"Sijui, Mama."

"Hujui, ama hutaki kusema?"

"Sijui. Meneja ndiye anayejua, na haruhusiwi kuniambia."

Jerusa alilifikiria jambo hilo. "Kwa hivyo wazungu wamekuita ukasome, na kitu cha kwanza wanataka ni usijue."

"Ndiyo."

Akageuka kuwatazama wenzake, waliokuwa wakisubiri mwanzoni mwa mstari na mikono tayari. Akawaambia kwamba msimu huu hakuna njia ya kumsaidia mtoto, basi wachume chai tu. Wakaingia mistarini wakinung'unika, na Nyambeki, ambaye sasa aliweza kutazama popote alipotaka, akatangulia mbele yao.